Kuchora Mtaa wa Kale Uliokulia: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kumbukumbu hadi Turubai

Mchoro wangu wa kwanza wa mtaa niliokulia haukuwa na kosa hata moja la vipimo. Niliunakili kutoka kwenye picha nzuri ya zamani, madirisha nikayahesabu, kivuli cha paa nikakiweka pale pale kilipokuwa. Dada yangu akautazama kitambo, kisha akauliza, "Sasa wewe ulikuwa umesimama wapi hapa?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimesimama popote. Aliyesimama alikuwa mpiga picha, mtu mzima na mpita njia, ambaye hakuwahi kukimbizwa na mvua katika kichochoro kile.

Mwongozo huu umetokana na swali la dada. Karibu kila nitakachoeleza kinarudi pale: uchore kutoka kwenye macho ya mtoto aliyeuishi mtaa, kwa kimo chake na njia zake. Unachohitaji kujua kabla ya kuanza ni kuchora boksi linalorudi nyuma kwa umbali, basi. Tenga wiki tatu za jioni, na uvumilie kwamba nusu ya muda huo hutagusa rangi.

Hatua ya 1: Zifungie picha

Kama una albamu ya familia, au umeshahifadhi picha za mtaa huo kwenye simu, usizitazame wiki nzima ya kwanza. Kumbukumbu ni kama lipu mbichi, kila kinachoigusa huacha alama. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, watu 20 walionyeshwa picha za utotoni mwao, na mojawapo ilikuwa imeghushiwa ili waonekane wamepanda puto la hewa moto. Hadi mahojiano ya tatu, nusu yao walikuwa wanaikumbuka safari hiyo, yote au vipande vyake, ilhali haikuwahi kutokea. Picha halisi nayo ina nguvu hiyo hiyo. Ukishaiona, utaanza kukumbuka picha badala ya mtaa.

Chukua karatasi kubwa na uchore ramani kwa mkono, ukianzia kwenye kizingiti cha mlango wenu. Fuata njia uliyoipita mara nyingi kuliko zote. Usijali vipimo. Mtaalamu wa mipango miji Kevin Lynch, aliyechunguza namna watu wanavyoubeba mji kichwani, alieleza mwaka 1960 kwamba ramani hizo za akilini hujengwa na vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama za kutambulisha. Mimi navitumia kama maswali. Ni wapi ulikatazwa kuvuka? Hiyo ndiyo kingo yako. Mliambiana mkutane wapi? Ni kitu gani ulichokiona kwa mbali ukajua umeshafika? Utagundua kipande cha hatua ishirini kimekula nusu ya karatasi na barabara nzima imebanwa pembeni. Usisahihishe. Hicho kipande kikubwa ndicho mchoro wako.

Halafu uulize mwili, maana macho husahau mapema. Mkono ulikuwa unashika wapi ukikata kona? Kidato kipi cha ngazi kilikuwa kimelegea? Jua lilikuchoma sehemu gani ya njia, na baridi ya ukuta uliihisi wapi? Sauti ya kiatu ilibadilika ulipofika mahali gani, kwa sababu mawe yaliisha na saruji ikaanza? Kila jibu lina umbo ndani yake. Mkono uliofikia kona unakupa urefu wako wa wakati huo, na ubaridi unakupa ukuta usiopata jua.

Jibu kwa sauti. Inaonekana kichekesho kujisemesha peke yako, lakini mchoraji James McNeill Whistler alizifanyia kazi picha zake za usiku za mto Thames kwa njia hiyo. Alitazama mandhari, akaigeuzia mgongo, kisha akamwelezea mwenzake alichokiona huku akisahihishwa, ndipo akaenda kuchora. Ukipata mtu wa kukuhoji ni bora zaidi. Mayer Kirshenblatt, aliyeondoka Opatów huko Poland mwaka 1934 akiwa kijana na kuhamia Kanada, alianza kuuchora mji wake akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, baada ya binti yake kumhoji kwa miaka mingi. Maswali yalitangulia, brashi ikafuata.

Hatua ya 2: Chagua mwaka mmoja na saa moja

Mtaa wa kumbukumbu huwa na miaka yote kwa pamoja: mti uliokatwa wewe ukiwa na miaka mitano, duka lililofunguliwa ukiwa na kumi, ukuta uliobomoka ulipokwisha kuhama. Ukivitia vyote, mchoro utaonekana umejaa lakini hautasimama. Andika juu ya karatasi umri wako, majira na saa. Kwa mfano: miaka saba, baada ya mvua, saa nne asubuhi. Kisichokuwapo saa hiyo kitoe, hata kama unakipenda. Kitachorwa siku nyingine.

Hatua ya 3: Sasa fungua sanduku la ushahidi

Wiki ya pili toa picha, ramani, barua na kila ulichonacho. Miji mingi ya kale ina ramani zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto au kodi ya majengo, na hizo ni hazina kwa mchoraji. Ramani za kampuni ya Sanborn za Marekani, kwa mfano, zilionyesha hadi vifaa vya ujenzi kwa rangi, waridi kwa nyumba ya matofali na njano kwa nyumba ya mbao. Ulizia kwenye nyaraka za mji husika kama kuna kitu cha aina hiyo. Ramani ya kweli itakupa jambo ambalo kumbukumbu haiwezi kukupa, nalo ni mtaa uliangalia upande gani wa dunia. Ukijua hilo na ukajua saa, umejua jua lilitokea wapi.

Kwa ndugu na majirani wa zamani, uliza mmoja mmoja, wasikae pamoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa atawakumbusha wengine. Wape karatasi tupu, usiwape mchoro wako. Wala usiulize "mlango ulikuwa wa kijani, sivyo?" Uliza "mlango ulikuwaje?" kisha unyamaze.

Baadaye chukua penseli tatu za rangi, urudi kwenye ramani yako ya wiki ya kwanza. Kwa rangi moja pitia unachokikumbuka mwenyewe, kwa ya pili kinachothibitishwa na picha au mtu mwingine, kwa ya tatu unachokisia tu. Vikigongana, usikimbilie kuiamini picha. Franco Magnani, mzaliwa wa kijiji cha Pontito huko Italia, alikichora kijiji chake kwa kumbukumbu akiwa San Francisco. Mwaka 1988 jumba la maonyesho la Exploratorium liliitundika michoro yake kando ya picha zilizopigwa mahali pale pale. Ufanano ulishangaza watu, lakini kulikuwa na tofauti pia: mahali pengine alikuwa ameweka pamoja vitu ambavyo mtu hawezi kuviona vyote akiwa amesimama sehemu moja. Hilo silihesabu kuwa kosa. Anayekumbuka hutembea, na kamera imesimama.

Hata wachoraji waliosifiwa kwa usahihi walijipa ruhusa. Canaletto alisogeza majengo ya Venice yalipomharibia mpangilio. Mpwa wake, Bernardo Bellotto, aliichora Warszawa, mji mkuu wa Poland, katika miaka ya 1770 kwa undani kiasi kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia michoro yake ilisaidia kuujenga upya mji mkongwe uliobomolewa, ambao mwaka 1980 uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mimi ninajiwekea mpaka huu: nasogeza, lakini sibuni. Ukuta naweza kuuvuta karibu. Ukuta ambao haukuwapo siujengi.

Hatua ya 4: Shusha mstari wa macho

Hapa ndipo kazi inapookoka au kuharibika, kwa hiyo keti nayo.

Katika mchoro wowote wenye umbali kuna mstari wa mlalo ulio sawa na kimo cha macho ya anayetazama. Mistari yote ya ardhi tambarare inayokwenda mbali hukutana kwenye mstari huo. Mtu mzima ana macho kwenye sentimita 155 hivi kutoka ardhini. Mtoto wa miaka sita ana urefu wa takriban sentimita 115, macho yake yako kwenye 105. Tofauti ni nusu mita tu, lakini inageuza mtaa mzima.

Tazama kinachotokea. Mlango wa mita mbili: macho ya mtu mzima yanapita robo tatu ya mlango, ya mtoto yanapita katikati. Kizingiti cha chini cha dirisha, ambacho mara nyingi huwa karibu mita moja kutoka chini, mtoto anakiona kama mstari mwembamba usoni pake, hana habari na kilicholazwa juu yake. Ngazi yenye vidato vya sentimita 17: akisimama chini yake ataona sehemu ya kukanyagia ya vidato sita vya kwanza, cha sita kikiwa kimebaki kama uzi. Kuanzia cha saba anaona paji la kidato tu, ngazi inageuka ukuta. Na mtu mzima wa sentimita 170 anakatwa na mstari wa macho karibu na kitovu. Kwenye picha ya kawaida mstari huo hupita machoni mwa watu wazima, vichwa vyote vikawa sawa hata wakiwa mbali. Kwenye mchoro wako vichwa vya watu wazima vitapanda juu ya mstari, vya watoto vitakaa kwenye mstari wenyewe. Mtazamaji hatajua kwa nini, lakini atahisi amekuwa mdogo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme turubai yako imesimama, upana sentimita 40 na urefu 50. Weka mstari wa macho sentimita 14 kutoka chini. Unataka mtu mzima asimame mahali ambapo miguu yake iko sentimita 4 kutoka chini. Kutoka miguuni hadi kwenye mstari ni sentimita 10, na hizo 10 zinasimama badala ya 105 za kweli. Basi mlango wa mita mbili ulio hapo utakuwa na urefu wa sentimita 19, na mtu wa 170 atakuwa na 16 na kitu. Ukimsogeza mbali hadi miguu yake ifike sentimita 9 kutoka chini, nafasi iliyobaki hadi kwenye mstari ni 5, kwa hiyo kila kitu kinakuwa nusu: mlango 9.5, mtu 8 na ushei. Huhitaji kanuni nyingine. Kila kitu kinachokanyaga ardhi tambarare kinapimwa kwa umbali wake kutoka kwenye mstari.

Mitaa ya kale lakini haipendi kuwa tambarare wala kunyooka. Kichochoro kikipanda, mistari ya ardhi yake hukutana juu ya mstari wa macho; kikishuka, hukutana chini yake. Ila madirisha na paa, kwa kuwa yamejengwa kwa timazi na pima maji, mistari yao inaendelea kukutana kwenye mstari wa macho. Wanaoanza huikosa hii, nyumba zao zikaonekana zinateleza. Njia ikipinda, kila nyumba ina nukta yake ya kukutania mistari, na zote zimepangana juu ya mstari mmoja kama ndege kwenye waya.

Vipi kuhusu ule ukubwa wa utotoni, pale unaporudi ukashangaa, "Kumbe kiwanja kilikuwa kidogo hivi!" Ushauri wangu: acha vipimo viwe vya kweli, kimo cha macho kikufanyie kazi hiyo. Kisha chagua kitu kimoja tu cha kukikuza zaidi ya kweli, kile kilichokula nafasi kwenye ramani ya hatua ya kwanza. Ukikuza viwili, vinashindana. Mchoraji Marc Chagall, aliyekulia Vitebsk, mji ulioko Belarus, alifika mbali zaidi. Katika mchoro wake wa mwaka 1911, akiwa Paris, baadhi ya nyumba za kwao zimepinduka juu chini. Lakini hiyo ni lugha nyingine, na anayeitaka ajifunze kwanza kusimamisha nyumba ndipo aipindue.

Hatua ya 5: Michoro midogo

Chora visanduku sita vyenye ukubwa wa kiberiti. Katika kila kimoja jaribu mtaa ule ule kwa madoa matatu tu: jeupe, la kijivu na jeusi. Usiweke dirisha wala tofali. Finya macho kidogo unapoangalia matokeo. Kisanduku kinachosomeka kwa umbali wa mita mbili ndicho cha kukuza. Kichochoro chembamba hupenda turubai iliyosimama, kwa sababu mbingu ni utepe mwembamba juu na kuta zinabana. Kiwanja hupenda iliyolala.

Jihadhari na kuweka njia katikati kabisa, ikiishia kwenye nukta moja kama reli. Msogeze yule mtoto anayetazama karibu na ukuta mmoja. Watoto hutembea wakigusa kuta.

Hatua ya 6: Vifaa

Sitakaa hapa. Akriliki kwa anayeanza, kwa sababu inakauka haraka na inavumilia kurudiwa, ila ukumbuke inakuwa nyeusi kidogo ikikauka. Rangi za mafuta kwa mwenye subira. Rangi za maji kwa anayejua mapema weupe wake utabaki wapi. Atumie karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi zaidi ya hapo itajikunja. Tyubu tano zinatosha mtaa mzima: nyeupe ya titani, oka ya njano (njano ya udongo), siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), altramarini (buluu nzito), na nyekundu moja unayoipenda. Brashi bapa mbili za ukubwa tofauti, moja nyembamba ya duara, na kisu cha rangi.

Tahadhari moja kwa watumiaji wa mafuta: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kinaweza kujiwasha chenyewe, bila kiberiti. Kitandaze kikauke, au kitie kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

Hatua ya 7: Kuhamishia mchoro kwenye turubai

Paka turubai yote kwanza kwa oka iliyolainishwa sana, ili weupe usikutishe na ili mwanga wa jioni au asubuhi uwe tayari chini ya kila kitu. Ikikauka, chora mstari wa macho kwa penseli nyepesi, kisha kingo kubwa za kuta, kisha paa. Madirisha yaje mwisho. Tumia rula kwa mistari ya kuongozea tu, halafu upite tena kwa mkono. Ukuta wa kale uliojengwa kwa mawe na chokaa una tumbo, kona zake zimelika, na paa lake limelala kidogo katikati. Kwa rula utapata nyumba mpya iliyojificha ndani ya mtaa wa zamani.

Mistari ya wima iache iwe wima, isipokuwa kwenye kichochoro kirefu ambapo mtoto anatazama juu. Hapo kuta ziinamiane kidogo tu kuelekea angani.

Hatua ya 8: Rangi ya ukuta mzee

Swali ninaloulizwa sana ni ukuta wa chokaa una rangi gani. Hauna rangi, una historia. Maurice Utrillo, aliyeichora mitaa ya Montmartre huko Paris katika miaka ya kuzunguka 1910, alichanganya hadi plasta ndani ya rangi ili kuta zake nyeupe ziwe na uzito wa kuta. Huhitaji kufika huko, lakini fikiri kama fundi wa ujenzi kabla ya kufikiri kama mchoraji: nini kiliwekwa kwanza, nini kikafuata, na maji yalipita wapi.

Anza na tabaka la chini kabisa. Kama unakumbuka ukuta ulikuwa mweupe ila ulipochubuka ulionyesha buluu ya zamani, paka buluu kwanza sehemu hizo. Ikauke. Pitisha nyeupe juu yake, na kabla haijakauka ikwangue kwa ncha ya kisu. Mchubuko utatokea wenyewe, na utakuwa wa kweli kuliko mchubuko uliochorwa. Hiyo nyeupe usiitoe kwenye tyubu peke yake. Ukuta ulio juani unataka chembe ya oka. Ulio kivulini unataka kijivu kinachotokana na altramarini na siena ya kuchomwa. Nyeusi ya tyubu iache kabisa, inatoboa shimo kwenye mchoro. Altramarini na siena zikizidishwa zinakupa giza lenye uhai, na unaweza kulivuta upande wa baridi au wa joto upendavyo.

Kisha maji. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha ukanda wenye ukingo wa chumvi, mara nyingi chini ya mita moja, yaani kiasi cha kidevu cha mtoto wako. Chini ya kila kizingiti cha dirisha kuna michirizi miwili, kila pembe mmoja, kwa sababu hapo ndipo maji hudondokea. Chini ya bawaba na vyuma kuna kutu inayoteremka. Sentimita thelathini au arobaini za mwisho kabla ya ardhi zina matope yaliyorushwa na mvua. Na kwenye kona, kwa kimo cha mkono, kuna weusi unaong'aa wa mafuta ya viganja. Mtu mzima hupita bila kuuona weusi huo. Wewe uliuchangia, uchore.

Mwanga wa kichochoro ni jambo la pekee kwa sababu jua huingia sehemu ndogo tu, na mengine yote huangazwa kwa kurudishiwa mwanga. Ukuta ulio kivulini ukitazamana na ukuta wa njano uliopigwa na jua utapata njano dhaifu. Sehemu yake ya juu, inayoiona mbingu, itakuwa na ubuluu. Ya chini itapata joto la ardhi. Kwa hiyo kivuli kimoja kina rangi tatu kutoka juu hadi chini. Ukipaka kivuli chote kwa kijivu kimoja, umefunga mlango wa mtaa.

Mpangilio wa kazi: kwa mafuta, anza na vivuli vyembamba vilivyochanganywa na kiyeyushi, halafu mwanga mzito juu yake; tabaka lenye mafuta mengi likae daima juu ya lenye mafuta machache, la sivyo rangi itapasuka. Kwa rangi za maji nenda kinyume, kutoka mwanga kwenda giza. Kwa akriliki ni shauri lako. Usipake akriliki juu ya mafuta, haitashika.

Hatua ya 9: Watu, nyaya na takataka

Mtaa usio na watu hugeuka tangazo la nyumba zinazouzwa. Watu wawili au watatu wanatosha, na sura zao usizimalize. Mtu wa utotoni tunamkumbuka kwa mwendo, bega lililoinama, namna ya kukaa kizingitini. Mchore kwa doa moja lenye mwendo huo, jamaa zake watamtambua. Kwa mtu ambaye bado yupo na asingependa kuonekana, mgeuzie mgongo.

Usisahau nyaya, mabomba ya maji ya mvua, antena, ndoo. Wachoraji wengi wa mitaa ya kale huvifuta ili mtaa uonekane mzee zaidi, wakapata mtaa ambao hakuna aliyeishi. Vingi kati ya hivyo vilikuwa angani kwako ulipotazama juu.

Hatua ya 10: Usichokikumbuka

Itafika sehemu utakwama. Kulikuwa na nini baada ya ile kona? Ghorofa ya pili ya jirani ilikuwa na madirisha mangapi? Kwenye ramani yako ni ile rangi ya tatu, ya kukisia. Jaribu la kwanza ni kujaza kwa kubuni, na utaona mara moja: sehemu iliyobuniwa huwa safi mno, madirisha yamepangana sawasawa. Nina njia mbili. Ya kwanza, ipoteze kwenye mwanga mkali au kivuli kizito ili isidai maelezo. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, iache ile oka ya mwanzo ionekane wazi, pasipo kuchorwa. Jicho la mtazamaji huvuka pengo hilo bila taabu.

Fanya hivyo pia ukiona mkono unaanza kupamba. Ukijikuta unachora tofali moja moja ya ukuta ambao hukuwahi kuugusa, simama.

Hatua ya 11: Kumpa mtu autazame, na kuandika nyuma

Geuzia mchoro ukutani siku tatu. Ukiurudia, utazame kwenye kioo. Makosa ya wima hujitokeza ukiugeuza kulia kushoto. Kisha mwite mtu mmoja aliyekulia pale, usimweleze lolote, umsikilize anaanzia wapi. Akianza na "hapa palikuwa na...", amekwisha kuingia. Akianza na "umechora vizuri", rudi hatua ya nne uangalie mstari wa macho.

Atakuonyesha makosa, na baadhi utayarekebisha. Dada yangu alipouona mchoro wa pili alibisha rangi ya mlango wa jirani kwa nusu saa. Sikuibadilisha. Kwa kimo chake, alikuwa anautazama kutoka juu zaidi.

Rangi za mafuta zisubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya vanishi. Akriliki siku chache tu. Nyuma, kwenye mbao za fremu na si kwenye kitambaa chenyewe, andika kwa penseli laini: jina la mtaa kama mlivyouita nyumbani, mwaka unaoonyeshwa, umri wako wakati huo, mwaka uliochora, na ni sehemu zipi ulikisia. Chora na kale karamani kadogo, ukiweka alama ya nukta mahali ulipokuwa umesimama.